Kabla hujanunua kitabu cha gari la zamani, fungua boneti

Vijana wanaoanza kazi gereji huniuliza ni kitabu gani cha matengenezo kinafaa kwa Toyota Corolla ya zamani. Nami huwauliza kwanza: Corolla ipi? Jina lililobandikwa kwenye buti halitoshi. Fungua boneti, pangusa vumbi kwenye kile kibati kilichopigiliwa nyuma ya injini, usome. Ukikuta AE110, A ya mwanzo inataja familia ya injini, na E inayofuata ndiyo Corolla. EE111 ina injini nyingine kabisa, na CE110 ni dizeli. Zote watu wanaziita Corolla, na kwa mbali zinafanana.

Kisha inama uisome na namba iliyogongwa kwenye bloku yenyewe, yaani mwili wa injini. Magari haya ni ya miaka ya tisini, mengi yameshabadilishwa injini, na kibati hakibadiliki.

Corolla 110 tunazozishika hapa Tanzania nyingi zimetoka Japani, na injini unayoikuta sana ndani ni 5A-FE ya cc 1498. Kitabu kilichoandikwa Uingereza kinahusu magari yaliyouzwa Ulaya, ambako ile ya lita 1.6 ilikuwa na 4A-FE. Hizo ni ndugu, kitabu hicho kitakufaa kwa mengi. Cha Marekani ndicho cha kuogopa. Kule Corolla ya 1998 ilikuja na 1ZZ-FE, ambayo taimingi yake, yaani kinachoendesha valvu ziende sawa na pistoni, ni ya cheni. Hii ya kwetu ni ya mkanda, na mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukifuata kitabu cha cheni, mwenye gari hataambiwa habari ya mkanda mpaka siku utakapokatika akiwa safarini.

Mimi nilijifunza kwa gari la mtu. Mwaka wangu wa pili nilifunga silinda hedi, kile kipande cha juu ya bloku, ya 5A-FE kwa kufuata kitabu cha injini nyingine. Bolti ziko kumi. Nilizifungua zote nikazitia kwenye kopo moja, kwa sababu kitabu kile hakikusema kwamba zinatofautiana. Kumbe za upande wa inteki, hewa inakoingilia, zina urefu wa mm 90, na za upande wa ekzosi, moshi unakotokea, mm 108. Bolti fupi niliyoiweka upande wa ekzosi ikashika meno machache tu ya bloku. Nikiwa kwenye ukazaji wa mwisho, spana ikalegea ghafla mkononi, bolti ikawa inazunguka bure. Nilipoichomoa, ilitoka na meno ya bloku yamejiviringisha juu yake kama waya mwembamba. Mama mwenye gari alikaa siku nne bila kwenda kuchukua samaki wake feri, na fundi aliyenifundisha ndiye aliyelipia kuchongwa kwa meno mapya. Hakunigombeza. Bado naikumbuka sura yake.

Tangu hapo, kitabu chochote nakipima kwa ukurasa wa silinda hedi. Je, kimeonyesha urefu wa bolti? Kimechora mpangilio wa kukaza? Kimetaja kipimo cha nguvu ya kukazia? Kile cha Toyota kinaandika Nm 29, na pembeni yake kgf·cm 300 na ft·lbf 22. Ni nguvu ileile kwa vipimo vitatu. Baada ya hapo unazungusha robo ya mzunguko, kisha robo tena. Kitabu kinachoandika 22 peke yake kirudishe dukani, maana spana yako ya kupimia huenda ni ya Nm.

Kama ndiyo kwanza unaanza, Haynes, kile kitabu cha Uingereza, ina picha nyingi na maelezo ya hatua kwa hatua, na hilo ni msaada mkubwa. Kitabu cha kiwanda hakikubembelezi, kimeandikwa kwa fundi anayejua tayari, na mara nyingi injini iko peke yake, bodi peke yake, michoro ya waya peke yake. Muulize muuzaji kama anacho hicho cha waya, maana watu huuza kile cha injini wakasema ndiyo seti nzima. Kama ni nakala ya kwenye simu, kuza ukurasa wa waya kabla hujalipa. Herufi za rangi zisiposomeka, B (nyeusi) ukashindwa kuitofautisha na R (nyekundu), hicho hakitakusaidia chochote.

Changu kimeshalowa oili, na pembeni mwa ukurasa ule wa bolti nimeandika kwa kalamu nyekundu: makopo mawili.