Sufjan Stevens hajaacha folk

Ndugu, umeuliza kwa nini Sufjan Stevens, mwanamuziki wa Marekani, alitupa banjo (ala ya nyuzi) akakimbilia mashine za kielektroniki, kisha akarudi kwenye gitaa. Mimi naona hakuhama folk, yaani muziki wa masimulizi wenye ala za nyuzi na sauti tulivu. Albamu yake Seven Swans ya 2004 ni banjo, sauti ya chini na imani yake ya Kikristo. Mwaka uliofuata, kwenye albamu Illinois, akaongeza tarumbeta na kwaya, lakini wimbo wake kuhusu muuaji John Wayne Gacy bado unabebwa na ala chache na sauti inayokaribia kunong'ona.

Albamu The Age of Adz (2010) ndiyo iliwachanganya watu: midundo ya kielektroniki, kelele, wimbo wa mwisho wa dakika 25. Jina na picha zake zinatokana na kazi za Royal Robertson, mchoraji wa Louisiana.

Halafu 2015 ikaja albamu Carrie & Lowell, ambayo kwangu ndiyo kilele chake. Mama yake, Carrie, alifariki 2012, naye alikuwa amemwacha Sufjan tangu mwanawe huyo akiwa mdogo. Sikiliza wimbo wake Fourth of July: mama na mwana wanaongea kwa kupokezana, mama akimwita majina ya mapenzi, na chini yao muziki ni mchache, wa polepole. Yeyote aliyezika mzazi waliyekuwa hawajamalizana ataelewa.

Sasa tafuta nyimbo hizohizo kwenye Carrie & Lowell Live ya 2017. Jukwaani amezipanua kwa sinthesaiza (kinanda cha kielektroniki) na midundo, yaani ufundi uleule wa Adz. Zisikilize zikifuatana, ya studio kwanza.