Mdogo wako anataka urefa? Aanze na mbio

Ndugu uliyeuliza kama mdogo wako wa kike, aliyemaliza kidato cha nne, anaweza kuufanya urefa kazi: anaweza. Mimi nimechezesha kuanzia ndondo za mtaani hadi ligi ya mkoa, nyingi za wanaume, na ninachomsisitizia ni mbio.

Sheria 17 za soka atazimudu kwa kusoma. Aende chama cha waamuzi cha wilaya yenu aulizie kozi ya wanaoanza, kisha atapanda madaraja kwa mitihani. Wengi hukwamia kwenye kipimo cha utimamu wa mwili. Kwa kiwango cha FIFA, mwamuzi wa kati wa kike hukimbia mita 40 mara sita, kila mara ndani ya sekunde 6.4, halafu mita 75 mbio na 25 kutembea, mara 40. Akitaka mechi za wanaume anapimwa kwa muda wa wanaume: zile mita 40 ni sekunde 6.

Uwanjani utaona faida yake. Kuna ndondo moja wenyeji walidai penalti, wakanizunguka, na watazamaji wakanitukana nirudi jikoni. Nilikuwa hatua chache tu kutoka pale, nimemwona mshambuliaji akijiangusha kabla hajaguswa. Nikampa kadi ya njano, na nahodha wao ndiye aliyewaondoa wenzake. Ningekuwa katikati ya uwanja, nani angenisikiliza? Refa mwanamume akiwa mbali na tukio huambiwa amechoka. Sisi tunaambiwa ni wanawake.

Kuhusu pesa, posho za madaraja ya chini ni ndogo na huchelewa, kwa hiyo awe na shughuli nyingine. Salima Mukansanga wa Rwanda alisomea uuguzi na ukunga, na Januari 2022 akawa mwanamke wa kwanza kuchezesha katikati kwenye AFCON ya wanaume, Zimbabwe na Guinea. Hapa kwetu Jonesia Rukyaa alishapuliza filimbi ya Yanga na Simba. Mlango upo, jamani!

La mwisho, nalisema kwa uchungu: mabinti hupangiwa kibendera, yaani uamuzi msaidizi wa pembeni, mechi baada ya mechi. Kibendera ni kazi ya heshima, ila kama anataka kusimama katikati aombe filimbi mapema, hata kwenye mechi za shule za msingi, na asiache kuiomba kila ratiba inapopangwa.