Asiyeamini Mungu Katika Mazungumzo ya Dini

Ni miaka mingi sasa tangu niache kuamini kwamba Mungu yupo, na katika miaka hiyo yote sijaacha kukaa na watu wa dini, kuwasikiliza na kujadiliana nao. Waumini huniuliza ninatafuta nini kwao, na wasioamini wenzangu huniuliza vivyo hivyo, wakati mwingine kwa ukali zaidi. Ninaamini kwa dhati kwamba mkanamungu anaweza kuwa na maisha ya kiroho, na kwamba ana nafasi katika mazungumzo ya dini, ingawa nafasi hiyo ina adabu zake.

Kukana kuwapo kwa Mungu ni kujibu swali moja tu. Baada ya jibu hilo bado mtu atafiwa, atastaajabia anga la usiku, ataona haya kwa ubaya alioutenda, na atahitaji namna ya kuituliza nafsi yake. Wajaini, wafuasi wa dini moja ya kale ya India, hawamtambui Mungu muumba, lakini wanafunga, wanatafakari na kujichunga wasidhuru kiumbe chochote kwa uangalifu ambao wengi wetu hatuuwezi. Albert Einstein naye, katika makala aliyoichapisha mwaka 1930, alieleza hisia ya kidini isiyo na Mungu wa sura ya kibinadamu, inayozaliwa na mshangao mbele ya mpangilio wa ulimwengu. Einstein hakupenda kuitwa mkanamungu, na ni haki tukimtaja tuliseme hilo pia, lakini hisia aliyoieleza ninaifahamu vizuri.

Kwangu mimi maisha ya kiroho ni mazoezi kuliko maelezo. Kila siku hutenga muda wa kukaa kimya na kujihesabu: nimemtendea nani vibaya, ninaogopa nini, nani anastahili shukrani yangu. Ukianza zoezi kama hili, nakushauri useme unachokiamini kwa maneno yaliyo wazi. Wapo wanaotaja nguvu fulani ya ulimwengu kwa sababu tu inasikika vyema masikioni mwa waumini, na mwishowe hawaeleweki na upande wowote. Kama huamini kwamba nafsi inaishi baada ya kifo, sema hivyo, kisha ueleze unachokithamini katika maisha haya.

Shangazi yangu alipokuwa mahututi aliniomba nimsomee zaburi. Alijua vizuri kwamba siamini, kwa hiyo hapakuwa na wa kumdanganya. Nilisoma polepole, na kila nilipofika kwenye mstari alioupenda alinishika kidole, nikanyamaza mpaka amalize kuurudia kwa midomo iliyokauka. Ndugu mmoja aliniambia baadaye kwamba huo ulikuwa unafiki. Sikubaliani naye hata leo. Maneno yale yalikuwa yake, nami nilimwazima sauti kwa kuwa yake ilikuwa imemwishia. Ungekuwa unafiki kama ningejifanya nimeongoka ili afe akiwa na furaha.

Ndiyo maana katika mjadala wowote wa dini ninaanza kwa kusema msimamo wangu mapema, kwa sentensi moja, bila kuutetea. Mtu akigundua katikati ya mazungumzo kwamba huamini, atahisi umemchunguza kwa siri, na imani yake kwako haitarudi kwa urahisi.

Jambo linalonichukulia muda mwingi zaidi ni kusikiliza. Kabla sijapinga hoja ya muumini, huirudia kwa maneno yangu na kumwuliza kama ndivyo alivyomaanisha, na sipingi mpaka akubali. Nilikuwapo katika mjadala mmoja kuhusu mateso, ambapo mama aliyefiwa na mtoto alisema kwamba Mungu alimpitisha katika mtihani. Kijana mmoja asiyeamini alimjibu papo hapo kwamba Mungu wa namna hiyo ni katili. Mama yule hakukasirika, alitikisa kichwa tu, akaeleza kwamba hakusema Mungu alimuua mwanawe. Alichotaka kusema ni kwamba katika msiba ule hakuwahi kujiona yu peke yake. Hoja ya kijana ilikuwa na uzito wake, lakini alikuwa akijibu jambo ambalo halikusemwa.

Waumini nao wana wajibu wao, na wapo walioutimiza kwa ukarimu mkubwa. Mwaka 1987 Kardinali Carlo Maria Martini, aliyekuwa askofu mkuu wa Milan, alianzisha mfululizo wa vikao ambamo wasioamini walialikwa kuzungumza, ili muumini na asiyeamini wasikilizane mbele ya hadhira. Katika miaka ya 1990 alibadilishana barua za wazi na mwandishi Umberto Eco, ambaye hakuwa muumini, na humo alimwuliza swali ambalo kila mkanamungu anapaswa kujiandaa nalo: asiyeamini Mungu anausimamisha uadilifu wake juu ya msingi gani? Swali hilo likiulizwa kwa nia njema halina dharau. Lifanyie kazi ukiwa peke yako kabla hujaketi na watu, kwa kuwa jibu la haraka huonekana mara moja kuwa halijafikiriwa.

Yapo pia mahali ambapo ni bora kunyamaza. Msibani, au ibada inapoendelea, sitoi hoja yoyote hata nikichokozwa, kwa sababu waliokuja hapo hawakujia mjadala. Husimama wanaposimama nikialikwa, siyatamki maneno ya ungamo nisiyoyaamini, na mwenye kuniuliza sababu humjibu tukishatoka nje, kwa kirefu kadiri anavyotaka.