Bannock za Orkney: weka hilo bakuli chini kwanza

Mkuu, nimefika pale ulipoandika "nitaukanda vizuri jioni, niulaze uumuke mpaka asubuhi" nikashindwa kuendelea. Usiukande! Bannock ya bere, ule mkate bapa wa unga wa shayiri, si chapati, si andazi, wala haina undugu na mkate wa bofulo. Najua umeuliza mengi: bannock za kupeleka kwenye chai ya ukumbi wa kijiji huko visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland, unga wa sembe, koti la baridi, boti ya kutoka Aberdeen. Tuanze na hili, maana hili ndilo litakaloniua kwa presha.

Mwaka wangu wa kwanza kule nilikuwa namhudumia bibi mmoja wa shambani. Tukaalikwa chai ya kuchangia ukumbi, kila mtu aje na chochote alichopika. Mimi mtoto wa Tanga, chapati nimeanza kusukuma sijaota meno yote, nikasema leo watanitambua. Na kweli walinitambua.

Nikauliza kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Akaibuka mjuaji mmoja ambaye Orkney anaionea kwenye ramani: "Hizo ni chapati za Wazungu tu. Kanda mpaka unga uache kushika mikono, laza saa moja." Kwa uhakika kabisa, kama daktari.

Sasa sikiliza. Bere ni shayiri ya kale, inaiva kwa siku 90 hivi, ndiyo maana iliwafaa watu wa visiwa vyenye kiangazi kifupi. Gluteni yake ni haba. Ukande mpaka kesho, hautavutika kama ngano, utanata tu. Mimi kila uliponata nikaongeza unga. Ukanata, nikaongeza. Unga wenyewe ule unaosagwa kwenye kinu cha maji cha Barony, Birsay, kilichojengwa 1873, nami naunyunyiza mezani kama poda ya mtoto. Donge likaja kutulia, zuri, laini juu, zito kama zege. Nikalifunika, nikalilaza saa nzima kama nilivyoagizwa.

Hapo ndipo nilipolizika. Bannock haina hamira, ina soda ya kuokea, na soda ikikutana na mtindi hutoa gesi papo hapo. Hamira inataka uisubiri. Soda haisubiri mtu. Ukiilaza, gesi inaondoka zake, unabaki na udongo wa kujengea.

Nilichoma 40. Arobaini! Ukumbini meza imejaa shortbread (biskuti za siagi), keki za matunda, jibini ya hapo hapo kisiwani, halafu hayo matofali yangu. Watu wa Orkney hawakuaibishi usoni: kila mmoja alichukua kipande, akasifu rangi. Bibi yangu peke yake ndiye aliyegonga yake mezani, ko ko ko, akasema itafaa kuzuia mlango. Kwa upepo wa kule, moja ilizuia mlango wa banda mwezi mzima na haikumeguka, kwa hiyo msiseme sikuchangia maendeleo.

Unga, mtindi na siagi ya kupaka vilinila pauni 38, saa tatu na ushee za zamu ya usiku. Nilipomtumia yule mjuaji picha, akacheka, kisha akaandika: "Labda tanuri lako lina shida." Tanuri! Bannock ya bere inachomwa juu ya chuma, kama chapati. Wao wanakiita girdle. Yaani kitu kimoja kinachofanana na chapati ndicho hakukijua.

Bibi alinifundisha wiki ileile, fimbo mkono mmoja, kijiko mkono wa pili. Vikombe viwili vya bere, kimoja cha ngano ili isimeguke, chumvi kidogo, kijiko cha chai cha soda. Chuma kiwe kimeshapata moto KABLA hujagusa mtindi. Nyunyizia unga juu yake: ukibadilika rangi polepole, tayari; ukiungua mara moja, punguza. Ndipo umimine mtindi, ukoroge mara chache mpaka ushikane tu. Utaona umelowa na una mabonge. Mkono utakuwasha kutaka kuurekebisha. Uache! Ubonyeze mviringo, unene wa kidole, dakika tano hivi kila upande, kisha funika kwa kitambaa kama unavyofunika chapati. Italiwa na siagi na jibini.

Koti: lisilopitisha upepo. Mwavuli usibebe.

Hivi umesema unaanza jioni hii? Kama umeshamimina mtindi, acha kusoma. Washa jiko.