Kupanda miamba na vijana ukiwa na miaka 58
Ndugu yangu, nimekuelewa: una miaka 58, wenzako wa kupanda miamba hawajafika 25, nawe unaona haya kuomba mapumziko mbele yao. Mimi nilianza nikiwa na miaka 54, na kilichonisaidia ni kuwaambia mapema, kabla hatujafunga kamba, kwamba nitapanda mara mbili tu, kisha nitamshikia mwenzangu kamba, kazi inayotaka macho na utulivu kuliko nguvu. Kagueni mafundo kila mara. Niliwahi kumkuta kijana hodari kuliko sote akiwa ameliacha lake nusu. Kano za vidole hupona polepole kuliko misuli, hivyo pumzika siku mbili hata wakikuita kesho yake. Kifua kikibana, shuka mara moja ukamwone daktari.