Ukikutana na Carnot, muulize majina yake matatu

Bango la darasani nililitengeneza kwa mkono wangu. Manila nyeupe, maka pen nyeusi, mchoro wa mzunguko wa Carnot (hatua nne za injini ya joto iliyo kamilifu) na pembe zake nne, halafu juu kulia picha niliyoiprinti steshenari: mzee wa ndevu zilizochongwa vizuri, koti jeusi, mkanda mpana umekatiza kifuani. Chini nikaandika: "Sadi Carnot, baba wa nadharia ya injini za joto. Alichomwa kisu Lyon, 1894." Likakaa ukutani wiki tatu na walimu wenzangu wakalisifia.

Siku moja binti wa kidato cha sita, wa wale wanaokaa mbele na hawanyooshi mkono ovyo, akauliza, "Samahani mwalimu, si ulisema kitabu chake kilitoka 1824?" Nikamjibu ndiyo. "Na aliuawa 1894?" Ndiyo. "Sasa alikiandika akiwa mtoto, au waliua kikongwe?" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nikageukia ubao, nikafuta sehemu ambayo tayari ilikuwa safi.

Niliyembandika ukutani alikuwa rais wa Ufaransa. Aliingia madarakani 1887, na tarehe 24 Juni 1894 akiwa Lyon akachomwa kisu na kijana wa Kiitaliano, Caserio. Akafa usiku uleule. Mwanafizikia alikuwa Sadi Carnot mwingine, aliyezaliwa 1796 na kufa kwa kipindupindu 1832, miaka mitano kabla ya huyo rais kuzaliwa. Picha yake inayojulikana zaidi ni ya 1813, akiwa na miaka 17, kijana hana hata ndevu moja, amevaa sare ya chuo cha École Polytechnique.

Nilipofuatilia ukoo huu niligundua kwamba Kiswahili kinaueleza vizuri kuliko vitabu nilivyosomea. Babu yake rais ni Lazare Carnot, mwanahisabati na mwanajeshi, ndiye aliyeyapanga majeshi ya Mapinduzi ya Ufaransa. Alikuwa mpenzi wa mashairi ya Saadi wa Shiraz, Uajemi, na ndiyo maana mwanawe, yule mwanafizikia, akaitwa Sadi. Watu wa pwani mnaosema asili yenu Shirazi, hapo mna haki ya kutabasamu. Sadi huyo alikuwa na mdogo wake, Hippolyte. Kaka akafariki, na Hippolyte alipopata mtoto wa kiume 1837 akamrithisha jina la marehemu. Kwa hiyo mwanafizikia ni baba mkubwa wa rais, na rais ni wajina wake. Hakuna cha ajabu hapo, kila mtaa wa kwetu una Juma aliyerithi jina la Juma aliyetangulia.

Tofauti iko kwenye jina la mwisho. Kwetu mtoto huchukua la baba na la babu, kizazi kikipita moja linadondoka. Wafaransa hulikokota lilelile karne kwa karne, wote wakawa Carnot. Ndiyo sababu siku hizi, mwanafunzi akiniletea jina la Kifaransa kwenye kazi yake, namuuliza kama nilivyoulizwa mimi nikijaza fomu ya mtihani: majina matatu? Mwanafizikia ni Nicolas Léonard Sadi. Rais ni Marie François Sadi. (Na msidhani Marie ni mwanamke. Mdogo wake rais, mkemia, naye ni Marie-Adolphe. Wanaume wote hao.)

Usitegemee kazi peke yake. Mimi ndipo nilipoponzwa. Niliposoma kwamba huyu Carnot ni mhandisi aliyesoma École Polytechnique, nikasema basi, ndiye. Kumbe rais naye alisoma hapohapo, na alikuwa mhandisi kabla ya siasa. Kilichokuwa kiniokoe ni kutoa tu, 1894 kasoro 1824, hesabu ya darasa la tatu.

Mtego wa pili uliwanasa wanafunzi wenyewe. Niliwapa kazi ya kuandika juu ya teoremu ya Carnot, nikitarajia ile ya injini: injini ikipokea joto kwenye kelvini 500 (kelvini ni kipimo cha halijoto) na kulitupa kwenye kelvini 300, haiwezi kamwe kuvuka ufanisi wa asilimia 40, yaani kugeuza zaidi ya asilimia 40 ya joto hilo kuwa kazi, hata uitengeneze kwa dhahabu. Vijana wawili wakaniletea pembetatu! Pembetatu safi yenye duara ndani na duara nje, na maelezo kwamba ikiwa ya pembekali, ukijumlisha umbali kutoka kitovu cha duara la nje hadi kila upande, unapata jumla ya nusu vipenyo vya yale maduara mawili. Nilikaribia kuwapa sifuri. Bahati njema nikaangalia kwanza: hiyo nayo ni teoremu ya Carnot, ila ni ya Lazare, baba yake Sadi. Nikawapa alama zao, na swali nikaliandika upya, maana kosa lilikuwa langu.

Hata ule mchoro wa pembe nne kwenye bango langu, aliyeuchora kwanza ni Clapeyron, mhandisi wa Kifaransa, mwaka 1834, Sadi akiwa kaburini miaka miwili. Kitu kikibeba jina la mtu, uliza alifanya nini hasa.

Ukitafuta Carnot mtandaoni bila kuongeza neno, jiandae. Utapata mji wa Carnot, magharibi mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwenye ukanda wa almasi, uliopewa jina la rais yule. Utapata kanotaiti, madini ya njano yenye urani, ambayo Namibia wanayachimba Langer Heinrich. Hayo yamepewa jina la Marie-Adolphe, yule mkemia. Utapata shule, mitaa, na shimo kwenye Mwezi. Kwenye mnara wa Eiffel kuna majina 72 ya wanasayansi na wahandisi, na mojawapo ni CARNOT, herufi sita bila jina la kwanza. Mnara ulipofunguliwa 1889, rais wa nchi alikuwa nani? Carnot. Mtalii asiyejua ataondoka akiamini rais alijiandika mwenyewe.

Kwa hiyo ongeza neno la pili unapotafuta: "Carnot joto", "Carnot rais", "Carnot pembetatu". Ukipata picha, usiichukue mpaka umeona mwaka wake.

Bango bado lipo. Sikulichana, manila ni hela. Nilibandika picha ya yule kijana wa sare mahali pa mzee, mzee nikamshusha kwenye kona ya chini, nikamwandikia: "Mtoto wa mdogo wake. Hakuwahi kumuona." Yule binti ndiye aliyeshika gundi.