Mauzo, mapato, faida: daftarini kipi ni kipi?

SWALI: Nina duka la vinywaji Morogoro. Kijana anayeniandikia daftari leo anaandika "mauzo", kesho "mapato", keshokutwa "mzunguko". Mwezi uliopita tuliuza sh. 3,600,000, lakini hesabu yake imeleta hasara ya sh. 310,000. Nimemwambia haiwezekani. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kwenye maneno, kijana hajakosea sana. Duka lisilo na chanzo kingine cha pesa, mauzo, mapato na mzunguko ni kitu kimoja. Ukiongeza uwakala wa pesa za simu, kamisheni inaingia kwenye mapato lakini si mauzo ya vinywaji. Ifungulie safu yake. Mkopo si mapato hata siku moja.

Hasara ndiyo yenye kasoro. Kwa takwimu ulizotutumia, mwezi ulianza na mzigo wa 1,800,000, ukanunua wa 2,500,000, ukalipa usafiri wa mzigo huo 100,000, na mwisho wa mwezi ukahesabu rafuni mzigo wa 1,600,000. Jumlisha tatu za kwanza, toa ya mwisho: vilivyouzwa vimekugharimu 2,800,000. Faida ghafi, yaani mauzo ukitoa gharama hiyo, ni 800,000. Toa pango 150,000, umeme 40,000 na mshahara wa msaidizi 200,000, inabaki 410,000.

Sasa lile friji la 720,000 ulilonunua mwezi huo. Kijana amelitoa lote kwa mkupuo kama bili ya umeme, ndipo hasara ilipozaliwa. Friji ni mali ya duka. Ukikadiria litatumika miaka 5, gharama ya mwezi ni uchakavu wake tu, yaani bei yake ukiigawa kwa miezi 60: sh. 12,000. Faida halisi ni 398,000.

Ile 150,000 uliyochukua ya ada ya mtoto iandike "matumizi binafsi". Inapunguza mtaji wako, haigusi faida. Na usishangae droo kuwa tupu ilhali faida ipo: pesa iko kwenye friji, kwenye ada na kwa wateja waliokopa.

Tahadhari moja: kodi ya makadirio kwa wafanyabiashara wadogo Tanzania hupimwa kwa mauzo ghafi ya mwaka. Ukiulizwa mzunguko ukataja faida, umetoa taarifa ya uongo bila kukusudia.

SWALI: Nikiweka pesa benki, daftari langu linasema debiti, taarifa ya benki inasema krediti. Nani kakosea?

JIBU: Hakuna. Kwako pesa hiyo ni mali, na mali ikiongezeka huandikwa debiti. Kwa benki ni deni: wewe ndiye mdai wao, na deni likiongezeka huandikwa krediti. Unapolinganisha, debiti yako itafute upande wa krediti wa benki. Kisichopata mwenzake mara nyingi ni makato ya benki. Yaandike kama gharama siku hiyohiyo unapoyaona. "Mdeni" liepuke kabisa daftarini, maana wengine humwita hivyo hata anayedai. Andika "wadaiwa" kwa wanaotakiwa kukulipa, "wadai" kwa unaotakiwa kuwalipa.